Mwache pupa apigwe na baridi

Kila majira ya baridi yakikaribia kuna watu wanaingiza pupa wa kipepeo, yaani mdudu akiwa kwenye ganda katikati ya kiwavi na kipepeo, ndani ya nyumba, na wanafanya hivyo kwa huruma kabisa. Kiwavi alikuwa huko nje kwenye shamari au karoti, akanenepa, akajifunga kwenye kijiti, mtu akasema hapa theluji itamuua huyu, akamchukua akamweka sebuleni kwenye rafu karibu na hita. Baada ya wiki kadhaa linatokea moja kati ya mawili, ama kipepeo anatoka katikati ya baridi wakati nje hakuna ua hata moja wala mwenzake wa kupandana naye, ama hatoki kabisa na siku ukimshika unakuta mwepesi kama ganda la karanga lisilo na kitu ndani.

Mimi yamenipata yote mawili. Wa kwanza alitoka asubuhi moja nje kumeganda mpaka vioo vya dirisha vimeshika barafu, kipepeo mzuri mno, mabawa meusi yenye madoa ya njano pembeni, akapanda pazia akakaa pale anafungua na kufunga mabawa na mimi nimesimama mbele yake sijui nimpeleke wapi. Aliishi siku tisa. Iliniuma sana, na toka hapo nikaanza kusoma na kulea kwa umakini, nikagundua kwamba nilikuwa nimeelewa kinyume kabisa.

Sisi tunamchukulia pupa kama mtoto aliyelala, tunadhani akipata joto yuko salama na akipata baridi atakufa. Kwake yeye kuna mambo matatu tofauti ambayo watu tunayachanganya tunaona ni kitu kimoja: urefu wa mchana ndo unaomwambia asimame, baridi ndo inayomfungulia kufuli, halafu joto ndo linamwamsha, na lazima yaje kwa mpangilio huohuo. Ukimpa joto kabla baridi haijamaliza kazi yake umemrukisha hatua.

Kabla ya yote lakini, jua kwanza una pupa wa nani, maana sio kila kipepeo anapitisha baridi akiwa pupa. Monaki, wale wa rangi ya chungwa wa Amerika Kaskazini, wenyewe hukimbia baridi, walioko mashariki wanaruka maelfu ya kilomita mpaka misitu ya milimani huko Mexico, na pupa wa monaki hana uwezo wa kusimamisha ukuaji wake miezi kadhaa, kwa hiyo ukimtia kwenye friji ukidhani unamsaidia unamuua tu. Nymphalis antiopa anapitisha baridi akiwa kipepeo kamili, kajibana kwenye nyufa za magome ya miti. Wengine wanabaki mayai kwenye matawi, wengine viwavi wadogo sana chini ya majani makavu. Wanaobaki pupa ni wengi wa jamii ya Papilio, wale wakubwa wenye vimkia nyuma, kama Papilio polyxenes na Papilio glaucus wa Amerika Kaskazini na Papilio machaon anayepatikana Ulaya na Asia na Amerika Kaskazini pia, pamoja na wale weupe wa kabichi, Pieris rapae na Pieris brassicae. Kwa macho utawatofautisha hivi: monaki na ndugu zake wananing'inia kichwa chini, wameshikwa mkiani tu, lakini hawa wa Papilio na wa kabichi wana uzi wa hariri unaopita mgongoni, wanakaa wameegemea kama fundi umeme aliyejifunga mkanda juu ya nguzo.

(Neno pupa tulikuwa nalo kwenye Kiswahili zamani kabla ya hili la vitabu vya sayansi, na letu maana yake ni haraka na tamaa. Nikiwaangalia hawa wadudu wamekaa miezi mitano hawajasogea hata kidogo huwa nalikumbuka.)

Tuanze na mwanga. Uamuzi wa kulala haufanywi na pupa, unafanywa na kiwavi, akiwa bado anatafuna majani. Kiwavi anapima mchana na usiku. Mchana ukiwa mrefu maana yake msimu wa joto bado upo, kuna muda wa kizazi kingine, basi akishakuwa pupa anaunganisha moja kwa moja na baada ya siku 10 hadi 20 hivi anatoka kipepeo. Mchana ukifupika mwili wake unapokea taarifa kwamba baridi iko njiani na pupa anayetengenezwa hapo anakuwa wa kulala. Hali hiyo inaitwa dayapozi. Wala sio kwamba baridi imemzidi akazimia, maana anaingia humo wakati nje bado kuna joto, na ukimweka kwenye chumba cha joto anaweza kukaa hivohivo miezi na miezi. Ukijiuliza kwa nini anafuata mwanga na sio joto, ni kwamba hali ya hewa inaweza kumdanganya, wiki ya joto inaweza kuja wakati wowote, ila urefu wa mchana unafuata tarehe, mwaka huu na mwaka ujao ni uleule.

Hapa ndo kuna kosa ambalo wengi hawalioni kabisa. Unalea viwavi ndani mwishoni mwa msimu, boksi liko mezani, taa ya sebuleni inawaka toka giza linaingia mpaka saa tano usiku. Kiwavi hajui kwamba ile ni balbu. Yeye amehesabu kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tano usiku, masaa 16 ya mwanga, mwili wake unajua tuko katikati ya kiangazi, anatengeneza pupa asiyelala na kipepeo anatoka wiki mbili baadaye nje baridi imeshaingia. Wangu yule wa pazia nina uhakika ndo kilichomtokea, hita nililaumu bure, taa ndo ilikuwa shida. Dawa yake ni rahisi, viwavi wa mwisho wa msimu walelewe nje kabisa au kwenye chumba ambacho taa haiwashwi usiku, wapate mwanga wa dirishani tu.

Sasa baridi, na hapa ndo napenda zaidi. Aliyeonyesha vizuri baridi inafanya nini ndani ya pupa ni Carroll Williams wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, miaka ya 1940, akitumia nondo mkubwa sana anaitwa Hyalophora cecropia, ambaye pupa wake naye analala baridi nzima. Ilikuwa inajulikana kwamba pupa akikaa kwenye baridi wiki za kutosha halafu akarudishwa kwenye joto anakua, na asiyepata baridi akikaa kwenye joto lilelile hafanyi chochote. Swali likawa, hiyo baridi inamgusa wapi? Williams akatoa ubongo wa pupa aliyeshapata baridi, kitu kidogo hicho, akaupandikiza kwenye pupa ambaye baridi hajawahi kuiona, na yule akaanza kukua akawa nondo. Kumbe kufuli liko kwenye ubongo. Ubongo ambao haujapoa kwa muda wa kutosha unakaa kimya, hautoi homoni, na bila hiyo homoni tezi zilizoko kifuani hazitengenezi homoni ya pili inaitwa ekdisoni, ambayo ndo inauamrisha mwili ujijenge kuwa mdudu kamili.

Yaani zile wiki unazomwona amekaa tu kama kijiti kikavu kuna kazi inafanyika, na haifanyiki vizuri kwenye joto la nyumba. Pupa aliyepata baridi pungufu anaweza kutoka, sio kwamba haiwezekani, lakini wanatoka hovyo hovyo, mmoja leo mwingine baada ya mwezi mwingine hatoki, na kwa mdudu ambaye akishatoka ana wiki chache tu za kutafuta mwenza, kutoka peke yako ni sawa na hujatoka. Mimi nawapa miezi mitatu ya baridi kwa uchache, na kama wako nje naacha msimu wenyewe uamue.

Mtu anauliza, sasa mbona hawagandi? Wanajiandaa kabla. Miili yao inajaza vitu kama gliseroli, hiyohiyo inayowekwa kwenye mafuta ya kupaka ya ngozi, na inafanya maji yaliyomo mwilini yashuke chini ya sifuri bila kuwa barafu. Wako wadudu wanaovumilia hata barafu yenyewe kwenye baadhi ya sehemu za mwili. Kwa hiyo pupa wa kienyeji wa sehemu yenye theluji ameumbwa kwa ajili ya theluji ya hapo. Muhimu hilo neno wa kienyeji, ukichukua pupa wa sehemu yenye baridi kidogo ukampeleka kwenye baridi kali usitegemee atavumilia kama wenyeji.

Kinachowaua zaidi ndani ya nyumba ni ukavu na njaa. Pupa hana mdomo wa kula wala wa kunywa, maji na mafuta aliyokusanya akiwa kiwavi ndo hayohayo mpaka siku ya kutoka. Ili asipoteze maji anabana vitundu vya kupumulia ubavuni, anavifungua kwa vipindi tu kutoa hewa chafu halafu anafunga tena, na kwenye baridi matumizi yake yanashuka mpaka yanakuwa madogo ajabu. Mpandishe kwenye nyuzi 22 za sebuleni, matumizi yanapanda, anachoma mafuta yake bila kukua, na hewa ya hita kavu inamnyonya maji kila siku. Ukifika wakati wa kujenga mabawa hana kitu. Ndo lile ganda jepesi.

Haya, umweke wapi? Mimi kwa maoni yangu nje ni bora kuliko popote, chini ya paa la baraza au upande wa nyumba ambao jua haliupigi, kwenye kizimba cha wavu. Unyevu wa hewa unampata, mvua ya manyunyu haimdhuru, joto linapanda na kushuka taratibu kama kawaida yake. Jua la moja kwa moja ndo adui, hasa nyuma ya kioo, maana pupa ni mdogo na wa rangi ya giza, dakika chache tu za jua nyuma ya kioo zinamtoa kwenye baridi kali zinampeleka kwenye joto la kiangazi, usiku anarudi kuganda, kesho tena. Na panya! Watu wanawaza theluji wanasahau panya, wavu wa kitambaa anautafuna usiku mmoja, asubuhi unakuta maganda yaliyopasuliwa. Weka wavu wa chuma wenye matundu madogo, au ning'iniza kizimba kwa waya kisiguse ukuta, na kifunge upepo usikiangushe.

Gereji au stoo isiyo na joto inafaa pia, ilimradi isiwe na hita inayojiwasha na usisahau kwamba mle ndani ni kukavu kuliko nje, kwa hiyo mara moja kwa wiki au mbili puliza maji kidogo kwa chupa ya spreyi, yawe kama umande, sio kulowesha.

Friji ni ya wale ambao hawana nje kabisa. Inawezekana, nyuzi 2 hadi 5, kamwe sio friza, lakini friji nyingi za siku hizi zinanyonya unyevu ili zisitengeneze barafu na zinamkausha pupa kimyakimya. Mweke kwenye kontena la plastiki lenye vitundu viwili vitatu, ndani weka kipande cha tishu chenye unyevu pembeni, kisimguse, na ukague kila wiki. Tishu ikikauka ongeza matone, ukiona ukungu mweupe toa kila kitu, mfute pupa taratibu kwa brashi laini kavu, badilisha kontena. Andika tarehe juu ya kontena, na uwaambie watu unaoishi nao kuna nini mle.

Kuhusu kumshika. Kiwavi akishamaliza kula anatoa choo cha majimaji, anatangatanga hata siku nzima, halafu anachagua mahali anafuma kijizulia cha hariri, anakishika kwa mkia, ndo anapitisha ule uzi wa mgongoni, kichwa kinaenda kushoto kulia kushoto kulia mara nyingi mpaka unakuwa mkanda. Anakaa hivyo siku moja hivi, amejikunja, kisha ngozi inapasuka nyuma ya kichwa inateleza mpaka chini na pupa yuko wazi, laini kama jeli. Siku hiyo usimguse kabisa, na siku inayofuata pia muache. Ukihitaji kumhamisha baadaye, kata kijiti chote, usimbandue. Akiwa ameshaanguka mwenyewe sio mwisho wa dunia, mlaze kwenye karatasi laini karibu kabisa na kitu cha kukwaruza kama kijiti chenye magome au kitambaa kilichosimama wima, ili akitoka apate pa kupanda haraka. Wengine wanamtengenezea kikoni cha karatasi wanamsimamisha humo, kichwa juu, na inafanya kazi vizuri.

Rangi inawachanganya watu wengi. Kwa Papilio polyxenes pupa anaweza kuwa wa kijani au wa kahawia, na wa kulala kwa kawaida ni wa kahawia, ila wapo wa kahawia ambao hawalali, kwa hiyo rangi peke yake usiifanye ushahidi. Kalenda inasaidia zaidi, ikipita wiki ya tatu kwenye joto la kawaida na hakuna kilichobadilika, huyo kalala, mpeleke kwenye baridi.

Na yuko hai au amekufa? Mzima ana uzito ukimweka kiganjani na ni mgumu kiasi, wengine ukiwagusa wanatikisa tumbo kidogo ingawa baridi ikiwa kali hawafanyi hivyo. Aliyekufa anakuwa mwepesi sana, au analainika na kunuka, au pingili za tumbo zinavutika zinakaa kama zimeachiana. Ukikuta tundu la mviringo lililokatwa vizuri, hapo ametoka nyigu, hakutoka kipepeo. Kuna nyigu wa Trogus anayetaga yai ndani ya kiwavi wa Papilio, kiwavi anaendelea kula kama kawaida, anakuwa pupa kama kawaida, na msimu ukifika anatoka nyigu mmoja mkubwa. Kuna pia Pteromalus puparum, wadogo kama vumbi lenye mng'aro wa kijani, hawa wanamvizia kiwavi mpaka saa ileile anapovua ngozi, wanataga kwenye pupa mlaini na wanatoka kibao kwenye ganda moja. Ndo maana ukilea kwenye wavu mzuri toka mwanzo unapata wengi zaidi. Inauma ukikuta hilo tundu, lakini nao ni wa hapohapo, usiwapulizie dawa.

Neno moja kuhusu sheria, haraka tu, kuna vipepeo wanaolindwa na huruhusiwi kuwachukua porini. Mfano Uingereza, Papilio machaon wa kule Norfolk analindwa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981. Angalia kabla hujagusa.

Baridi ikipungua na maua yakianza, walioko nje hawahitaji chochote kutoka kwako. Walioko kwenye friji watoe wakati huko nje mmea wa kulishia viwavi umeshaanza kuchipua, waweke mahali pa kivuli penye hewa, wapulizie umande, na subiri, mara nyingi ni wiki mbili hadi nne. Siku moja kabla utaona sehemu ya mabawa kwenye ganda imekuwa ya giza, halafu ganda linakuwa kama kioo na ukiangalia kwa tochi unaona madoa ya bawa yamekunjwa mle. Asubuhi yake mara nyingi ndo anatoka. Mgongo unapasuka, anajivuta, tumbo limevimba na mabawa ni vidude viwili vilivyokunjamana kama karatasi iliyolowa, na hapo anapanda, lazima apande, kwa sababu mabawa yanatakiwa yaning'inie huku anasukuma maji ya mwili yajae kwenye mishipa yake. Plastiki laini au kioo vinamfanya ateleze, akianguka na mabawa yakakauka yamekunjika hayatanyooka tena. Usimsaidie kutoka kwenye ganda, hata kama unaona amechelewa. Atadondosha maji ya rangi ya kahawia au nyekundu, sio damu, ni uchafu wa miezi yote hiyo. Mpe masaa kadhaa akauke, kisha mtoe nje siku yenye jua, nyuzi 15 kwenda juu. Mvua ikikatalia siku moja mbili anaweza kukaa kwenye wavu na maua yaliyokatwa.

Wa kiume mara nyingi wanatangulia, kwa hiyo ukiona wa kwanza kutoka ni madume matupu usishtuke.

Na yule ambaye hajatoka na wenzake wote wameshaondoka? Mpime kiganjani. Kama bado ana uzito, muache. Baadhi yao wanalala baridi mbili, sehemu ndogo tu, ni namna ya ukoo kuepuka kuwaweka wote kwenye mwaka mmoja ambao unaweza kuwa mbaya. Mwaka jana nilibaki na mmoja wa hivyo, msimu wote wa joto alikuwa kivulini kwenye kijiti chake, nikimpulizia umande Jumapili kwa Jumapili, baridi ikarudi nikamrudisha barazani na kundi jipya. Nimempima juzi. Bado mzito.